Mapitio ya rika yanapogoma: dalili, chanzo na dawa

Kila semista hukusanya makala za wanafunzi wangu pamoja na karatasi za maoni walizoandikiana, na karatasi ya juu kabisa huwa ni ileile: "Kazi nzuri sana ndugu yangu, hongera, rekebisha makosa madogo madogo." Makosa yapi, hayatajwi. Mwenye makala anaipokea, anafurahi, anaituma kama ilivyokuwa, na wiki mbili baadaye yuko mlangoni kwangu anauliza kwa nini amepata maksi 48.

Nafundisha kozi ya uandishi wa makala za sayansi, mwaka wa pili. Kazi yenyewe ni kurasa 3: chukua utafiti mmoja, uueleze kwa Kiswahili ambacho abiria wa daladala atakisoma akaelewa, kisha wenzako 2 waipitie kabla haijafika kwangu. Wengine huita mapitio ya rika, wengine uhakiki wa wenza. Darasani kwetu tunasema kupitiana. Haya ni matatizo ninayokutana nayo, namna ya kuyatambua na namna ya kuyaondoa. Tafuta dalili yako, zisizokuhusu ziruke.

Dalili: maoni yote ni "kazi nzuri, hongera"

Dalili hii ina vyanzo vitatu, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Kwa hiyo pima kwanza. Ifunike makala, halafu msimulie aliye jirani yako kwa sentensi 2: utafiti umegundua nini, na walijuaje?

Ukishindwa sentensi ya kwanza, hukusoma, ulipitisha macho. Hapo sina ufundi wa kukufundisha. Rudi usome, na simu iweke mbali.

Ukiweza ya kwanza ukakwama ya pili, ulisoma lakini hukuelewa, ukaona haya kusema. Hiki ndicho chanzo ninachokiona kuliko vyote, na wanafunzi hawaniamini ninapowaambia kwamba hapo walipokwama ndipo yalipo maoni yao bora. Kuna binti wa kozi ya takwimu aliyepewa makala ya mwenzake wa kemia kuhusu floridi kwenye visima vya pande za Arusha, kule ambako meno ya kahawia si jambo geni. Makala ilisema maji ya kisima fulani "yana floridi miligramu 6, kiwango ambacho hakikubaliki". Binti akanifuata akitaka kubadilishiwa kazi kwa sababu kemia aliiacha kidato cha nne. Nikamwambia andika tu ulipopotea. Akaandika mistari miwili: "Miligramu 6 katika nini, glasi au ndoo? Na hakikubaliki kwa nani?" Mwandishi alikuwa amesahau maneno "kwa lita", na hakuwa ametaja popote kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Bila hizo mbili msomaji hana cha kulinganisha, na ile 6 inabaki namba tu. Mtaalamu wa kemia asingeuliza swali lile, maana kichwa chake kingejaza "kwa lita" chenyewe.

Ukiweza sentensi zote mbili na bado umeandika "hongera", basi unaogopa. Mnakaa chumba kimoja hosteli, alikukopesha hela bumu (ile hela ya mkopo wa chuo) lilipochelewa, sasa utamwambiaje kwamba aya ya 3 haina ushahidi? Au unadhani kila kosa unaloliandika nitalikatia maksi. Hofu hii ya pili ina haki, kwa sababu wapo wakufunzi wanaofanya hivyo. Mimi rasimu ya kwanza siipi maksi kabisa. Maksi 10 anapewa aliyepitia, kwa ubora wa maoni yake. Kama mkufunzi wako hajasema anafanyaje, mtumeni kiongozi wa darasa akaulize kabla hamjaanza. Hiyo hofu ya kwanza tutaikuta tena huko mbele.

Dalili: wino mwekundu kila mahali, lakini makala haijaguswa

Huyu si mvivu hata kidogo. Amekaa saa nzima, hakuna koma aliyoiacha. Tazama sentensi hii, niliyoifupisha kutoka kazi ya miaka ya nyuma:

"Barafu ya mlima kilimanjaro imepungua kwa asilimia 85 toka mwaka 1912 hadi 2007 kutokana na ongezeko la joto duniani, hivyo basi mito yote inayo tegemewa na wakazi wa moshi itakauka."

Aliyepitia aliweka herufi kubwa kwenye Kilimanjaro na kwenye Moshi, akaunganisha "inayotegemewa", akabadili "toka" kuwa "tangu". Yote sawa. Ila sentensi hiyo imebeba madai matatu, na hakuligusa hata moja.

Dai la kwanza, hiyo asilimia 85, lina mahali lilipotoka: ramani ya zamani ya barafu ikilinganishwa na vipimo vya karibuni. Mwandishi anachotakiwa ni kusema amelipata wapi. La pili, "kutokana na", ndilo lenye ubishi. Kule juu, karibu na mita 5,895, wastani wa joto uko chini ya nyuzi sifuri, na kiasi kikubwa cha barafu hakipotei kwa kuyeyuka kuwa maji; kinageuka mvuke moja kwa moja, kwa jua na hewa kavu. Wapo wanasayansi wanaosema kilichoanza kuila barafu ile ni ukavu ulioingia mwishoni mwa karne ya 19, na wapo wanaoona joto la karne ya 20 lina mkono mkubwa. Ukiandika kana kwamba kesi imeshahukumiwa, unampotosha msomaji hata kama hukukusudia. La tatu, "hivyo basi", halina miguu kabisa: maji yanayoteremka kwenda Moshi kwa sehemu kubwa ni ya mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, siyo ya barafu ya kileleni. Anayetaka kuandika juu ya mito kukauka aanze na msitu.

Chanzo cha tatizo ni kwamba jicho hukimbilia linachojua kukirekebisha. Kosa la tahajia linajionyesha lenyewe. Dai lisilo na ushahidi limevaa vizuri kama mengine yote. Kwa hiyo soma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Kalamu ikiwepo, utaitumia. Mara ya pili chukua penseli uzungushie maneno ya kuunganisha tu: kwa sababu, kutokana na, hivyo, imesababisha, imethibitisha. Kila ulipozungushia uliza nani kasema, na alipimaje. Koma zisubiri mwisho, kwani hupaki rangi ukuta ambao huenda ukabomolewa kesho.

Dalili: namba zimepita bila kusimamishwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoangukia, na wa kozi za sayansi wanaanguka sawasawa na wa kozi za habari.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ni mada inayopendwa, na ina sababu: majaribio yake makubwa yalifanyika katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, na Kilifi kule Kenya. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, matukio ya kuugua malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36 katika kipindi cha kama miaka 4.

Mwanafunzi akaandika: "Hii ina maana watoto 64 kati ya 100 waliochanjwa wataugua malaria." Waliompitia wote wawili walipiga tiki. Mmoja aliongeza: "takwimu nzuri".

Kosa liko wapi? Ile 36 inalinganisha makundi mawili, waliochanjwa na wasiochanjwa. Haihesabu watoto watakaougua ndani ya kundi moja. Tena kilichohesabiwa ni matukio, na mtoto mmoja anaweza kuugua mara 3 kwa mwaka. Chukua kijiji cha kubuni: watoto 100 wasiochanjwa, katika miaka 4 wanaugua jumla ya mara 200. Wangechanjwa, ungetarajia kama mara 128. Hiyo ndiyo asilimia 36. Kijiji kingine chenye mbu wachache, mara 50 zinashuka hadi 32. Asilimia ni ileile, lakini cha kwanza kimeepushiwa homa 72 na cha pili 18. Msomaji wa daladala hilo ndilo analotaka kujua.

Njia ya kulinasa kosa hili hata kama hesabu zinakupa homa: kila ukiona asilimia, andika pembeni "ya nini?" na "ukilinganisha na nani?" Kama jibu halimo kwenye makala, hayo ni maoni tayari, yaandike hivyohivyo. Usijaribu kuisahihisha namba mwenyewe kwa kukisia. Nimeshaona makala iliyoingia kwa mpitiaji na kosa moja ikatoka na makosa mawili.

Wastani nao uulizwe: wa watu wangapi? "Mavuno yaliongezeka maradufu" kwenye mashamba 4 ni habari tofauti na kwenye mashamba 400.

Dalili: mwandishi amenuna, ugomvi umehamia kwenye grupu la WhatsApp

Mara nyingi chanzo ni neno moja: "wewe". "Hujaelewa utafiti." "Umechanganya mambo." Maoni kama hayo yanamhukumu mtu, na mtu akihukumiwa anajitetea, hatafungua tena aya ya 3. Sema kilichokupata wewe ulipokuwa unasoma, na ukitaje mahali.

Linakuwa gumu zaidi pale mwenzako darasani amekuzidi umri. Madarasa yetu yana watu wa kazini wanaojiendeleza. Kijana wa miaka 21 anapewa makala ya mwalimu wa sekondari mwenye watoto wa rika lake. Anaishia kuandika "hongera mzee" na kukimbia. Adabu na ukweli havigombani, ila ni lazima ujue kuvipanga. Haya ni maoni ambayo kijana mmoja alimwandikia mwalimu wa namna hiyo, nimeyaomba na kuruhusiwa kuyatumia:

"Shikamoo mwalimu. Makala nimeisoma mara mbili. Aya ya 2 inasema vyandarua vimepunguza malaria kijijini. Aya ya 5 inasema mwaka huohuo nyumba zilianza kupuliziwa dawa ukutani. Hapo nimepotea: tumejuaje kilichopunguza ni chandarua na siyo ile dawa?"

Mwalimu alijibu, "Marahaba. Hilo sikuliona," akarudi kwenye utafiti wenyewe na kukuta watafiti walikuwa wamelinganisha vijiji vilivyopuliziwa na visivyopuliziwa. Jibu lilikuwepo, yeye aliliacha nje. Ona kijana alivyofanya: shikamoo imekaa mahali pake, aya zimetajwa kwa namba, na shutuma haipo hata moja, ila swali lenyewe halikulainishwa.

Na wewe uliyenuna, fahamu kwamba uko na watu wazito. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walituma kwenye jarida la Physical Review makala iliyodai mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayotoka kwa vitu vizito mno, hayapo. Mhariri akaipeleka kwa mpitiaji, ikarudi na maoni marefu. Einstein akakasirika kwamba imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa, akaipeleka jarida jingine. Ila kabla haijatoka akawa ameshabadili hitimisho, kwa sababu kosa lilikuwepo kweli; mpitiaji yuleyule, Howard Robertson, alikuja kulizungumza kwa upole na msaidizi wa Einstein. Mawimbi hayo yalinaswa kwa mara ya kwanza Septemba 2015. Nuna usiku mmoja, lakini asubuhi fungua aya.

Dalili: swali limezimwa kwa kicheko

Hii hutokea tunapopitiana kwa mdomo, kwenye vikundi vya watu 5. Mmoja anauliza, mchangamfu wa kikundi anamkata kwa utani, wote wanacheka, na swali limekufa.

Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, mwaka 1963, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, akaingiza yake ikiwa ya moto, nayo ikaganda kabla ya ya mwenzake iliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye huko shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na wenzake wakaifanya wimbo kila alipokosea. Alipomuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, wenzake walicheka tena. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliahidi kulijaribu, na akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala.

Kisa hiki kina nusu ya pili ambayo wanafunzi huisahau, na naipenda zaidi. Kila mwaka kuna anayeandika "Mtanzania alithibitisha kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi," na wapitiaji wanapiga tiki kwa fahari. Lakini mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini na hawakuona ushahidi wa kutosha. Walionyesha hata kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu ndani ya chombo, matokeo yanaweza kugeuka. Wengine bado wanabishana nao. Kwa hiyo mpitiaji mzuri anauliza: huganda haraka daima, au katika chombo gani, kwa kipimo kipi, na kuganda kumehesabiwa kuanzia wapi? Swali la Mpemba lilistahili jaribio, na jibu la Mpemba nalo linastahili maswali.

Kwenye kikundi chenu, mchekaji apewe kazi ya kuandika maswali yote yaliyoulizwa. Inamtuliza vizuri sana.

Dalili nyingine, kwa haraka

Maoni marefu, laini, hayataji sentensi hata moja ya makala. Yametoka kwenye programu ya akili mnemba. Jaribu kuyabandika kwenye makala nyingine. Yakikaa vilevile, hayana kazi. Tena umeipakia kazi ya mwenzako mtandaoni bila kumuuliza.

Kiswahili kimebadilika ghafla katikati ya ukurasa, kinanukia tafsiri. Huenda aya imenakiliwa. Usimwite mwizi, na usipeleke habari grupuni. Andika: "Aya hii imetoka chanzo gani? Naomba ukitaje." Ikifika hatua ya adhabu, hiyo ni kazi ya mkufunzi.

Wapitiaji wawili wanapingana: mmoja anasema fupisha, mwingine anasema ongeza. Mara nyingi wote wamekwama sehemu moja, kila mmoja akaagiza dawa yake. Achana na dawa, itazame hiyo sehemu.

Rasimu ya pili imerudi bila mabadiliko. Hesabu maoni uliyotoa. Ulitoa 27? Basi umemzamisha. Mpe 3, lenye uzito likae juu. Na kama uliyatuma saa 5 usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, lawama ni yako.

Zimebaki dakika 40 na hujaanza

Inatokea, najua. Dakika 10 za kwanza soma yote bila kalamu. 5 zinazofuata, funika na uandike zile sentensi 2, utafiti umegundua nini na walijuaje, kisha zibakize juu ya karatasi yako ya maoni ili mwandishi aone alichoeleweka. Dakika 15 zungushia maneno ya kuunganisha na asilimia, uchague mahali 3 palipokukwamisha zaidi. Zilizobaki andika hayo matatu, kila moja na namba ya aya yake. Koma mwachie mwenyewe.